Chumba Kisichosikia Jogoo

Katika mwaka 1853, mwandishi Mskochi Thomas Carlyle, aliyekuwa akikaribia umri wa miaka 60 na amekwisha kuchoshwa na dunia kwa sababu nyingi, aliazimia kujijengea juu ya dari la nyumba yake mjini London chumba ambamo jogoo wa jirani hatasikika. Nyumba yenyewe ilikuwa katika njia ya Cheyne Row, mtaa wa Chelsea, karibu na mto Thames, na yeye na mkewe Jane walikuwa wakikaa humo tangu mwaka 1834. Na kwa muda wote huo walikuwa wameadhibiwa na kinanda cha nyumba ya pili, na vinanda vya kuzungushwa kwa mkono vilivyopita barabarani vikiomba senti, na mbwa, na kasuku, na kupita vyote hivyo na majogoo, ambao huwika pasipo kujali kwamba mtu ameketi kuandika historia ya mfalme.

Mafundi wakaja, wakasimamisha kuta mbili mbili zenye nafasi ya hewa katikati, wakaacha kutoboa dirisha ukutani, wakamwekea kioo cha paa ili mwanga umfikie kutoka juu na si kutoka barabarani. Kazi ilipokwisha, ikabainika jambo ambalo hakuna aliyekuwa amelifikiria: makelele ya karibu yalififia, lakini yale ya mbali, ambayo zamani yalifunikwa na ya karibu, sasa yakapata nafasi ya kujulikana, filimbi za magari moshi na kengele za makanisa na milio ya vyombo mtoni, yote yakiteremka kwa njia ya paa kama wageni walioonyeshwa mlango. Jogoo naye hakushindwa na ukuta. Ilimlazimu Bibi Jane, kwa maneno matamu na fedha mkononi, kwenda kwa jirani kulimaliza shauri la kuku, na akafaulu mahali ambapo mwashi alikuwa ameshindwa. Carlyle aliandika ndani ya chumba kile kwa kiasi cha miaka 12, hata juzuu ya mwisho ya historia yake ya Frederick wa Prussia ilipotoka mwaka 1865. Kisha akashuka chini kuishi na makelele kama watu wengine, na chumba cha gharama kikawa malalo ya mtumishi.

Nilimkumbuka bwana huyu usiku mmoja nilipokuwa Tandika, Dar es Salaam, katika studio ya nyumbani ya kijana mmoja ambaye ni mwana wa rafiki yangu. Ilikuwa chumba cha kupanga, cha matofali ya saruji na paa la mabati, na kuta zake zote nne zilikuwa zimefunikwa kwa trei za mayai zilizogundishwa kwa gundi na kupakwa rangi nyeusi. "Shikamoo mzee," akaniambia, akazipiga trei zile kwa kiganja kama mtu anayesifu farasi, "hapa sasa saundiprufu tayari." Hakuwa amemaliza kusema alipopita nje mwenye bodaboda, na tukamsikia sote, tangu alipoingia mtaani mpaka alipotoka.

Neno hilo saundiprufu, ambalo mafundi wa studio zetu wamelichukua likiwa zima, ndilo chanzo cha taabu nyingi, kwa maana limebeba mizigo miwili ambayo haikustahili kufungwa kamba moja. Kuzuia sauti isipite ukutani ni shauri moja, na kuituliza sauti iliyokwisha kuwamo chumbani, isirukeruke baina ya ukuta na ukuta, ni shauri jingine. La kwanza lataka uzito na kuziba kila tundu, la pili lataka ulaini na unene. Na kitu kinachofaa kwa hili aghalabu hakifai kwa lile. Historia ya vyumba vya kurekodia, kwa kadiri nilivyoweza kuifuata, kwa sehemu kubwa ni historia ya watu waliotafuta moja wakapata jingine.

Wazee wetu wa pwani walilijua vizuri lile la kwanza, ingawa hawakulijua kwa ajili ya muziki. Nyumba ya mawe ya Lamu au ya Unguja, iliyojengwa kwa matumbawe na chokaa, ina kuta nene za kiasi cha nusu mita, na upana wa chumba chake huamuliwa na urefu wa boriti za mikoko, ambazo hazivuki mita tatu hivi. Kwa hiyo vyumba ni virefu na vyembamba, vimepangwa kimoja nyuma ya kingine, na mtu anayetoka dakani kwenda ndani huacha ghasia za mji hatua kwa hatua, mpaka akifika chumba cha mwisho hasikii ila pumzi zake. Uzito umefanya kazi yake. Lakini chumba hicho kikiwa kitupu, mtu apige kofi moja, kofi lile litalia kama kigae kilichoangukia kisimani, kwa kuwa chokaa iliyosuguliwa hairuhusu sauti kuzama. Ni mpaka pawepo zulia, mkeka, mapazia, vitanda vya magodoro, na watu wenyewe waliovaa nguo zao, ndipo chumba huwa na adabu. Ama kuhusu zidaka, vile vishubaka vya plasta vilivyopangwa safu kwa safu ukutani kwa ajili ya sahani na vyungu vya Kichina, dhana yangu ni kwamba vinaivunja sauti vipande vipande na kuifanya irudi kwa upole kuliko ukuta mtupu. Sidai kwamba fundi wa zamani alikusudia hivyo, nadai tu kwamba mpiga udi akikaa mbele yake atafurahi.

Wengine walikusudia. Vitruvius, mjenzi wa Kirumi, ameeleza habari za vyombo vya shaba vilivyowekwa katika majumba ya michezo ili visaidie sauti, na katika Msikiti wa Süleymaniye wa Istanbul, uliokamilika mwaka 1557 kwa mkono wa mjenzi Sinan, vimo vyungu vya udongo vilivyofichwa ndani ya kuba, midomo yao ikielekea chini kwa wanaosali. Ilipita karne tatu mpaka Mjerumani Helmholtz alipoeleza kwa hesabu kwamba chungu chenye mdomo mwembamba huwa na sauti yake moja kinayoijibu, na fundi wa leo anayejenga sanduku la mbao lenye matundu ili limeze mvumo wa besi hafanyi neno jipya kabisa.

Lakini elimu yenyewe, elimu yenye vipimo, ilizaliwa kwa bahati mbaya ya jengo moja. Mwaka 1895 Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, kilifungua jumba la sanaa liitwalo Fogg, na ndani yake palikuwa na ukumbi wa mihadhara ambamo hapana mwanafunzi aliyeweza kumfahamu mwalimu, kwa sababu neno likitamkwa lilikawia kufa kwa zaidi ya sekunde 5, na kwa hiyo mwalimu akifika neno la kumi, maneno tisa ya nyuma yalikuwa bado yakizunguka hewani yakigombana naye. Rais wa chuo, Charles Eliot, akamwita kijana wa miaka 27, mwalimu wa fizikia aliyeitwa Wallace Sabine, ambaye hakuwa na sifa yoyote katika jambo hilo, akamwambia alitengeneze.

Alivyofanya Sabine ni hekaya inayostahili kusimuliwa kwa utulivu. Hakuwa na maikrofoni, wala chombo chochote cha umeme cha kupimia sauti. Alikuwa na filimbi moja ya kinanda, saa ya kupimia, na masikio yake mawili. Mchana haukumfaa, kwa sababu wanafunzi na magari ya barabarani yaliharibu kila kipimo. Hivyo alifanya kazi baada ya saa sita ya usiku mpaka karibu na mapambazuko, na kila usiku wasaidizi wake walikwenda kwenye ukumbi wa pili, Sanders Theatre, kuazima mito ya viti, wakaibeba mpaka Fogg, wakaipanga mita kwa mita, na kabla ya asubuhi wakairudisha mahali pake ili wenye ukumbi wasikose pa kukalia. Filimbi ikilia kisha ikinyamazishwa, Sabine alihesabu muda ambao sauti ilibaki. Mito ikiongezwa, muda ulipungua. Na mito yote ilipokwisha kuingizwa, sekunde zile 5 na ushei zilikuwa zimebaki 1 na kidogo.

Alikuwa mtu wa uangalifu uliopita kiasi, na uangalifu huo ndio ninaoupenda. Baada ya kukusanya maelfu ya vipimo, aligundua kwamba nguo alizovaa yeye mwenyewe, zikibadilika, zilibadilisha matokeo, maana mwili wa mtu na koti lake hunyonya sauti kama mto. Basi akaitupa kazi yote hiyo, akaanza upya, na tangu hapo akawa akivaa nguo zile zile kila usiku wa kipimo. Mafundi wangapi wa leo, wenye kompyuta na programu za kupima, wangetupa kazi ya miezi kwa ajili ya koti?

Mwaka 1898 akaiona kanuni aliyokuwa akiitafuta, na kanuni yenyewe ni rahisi hata inashangaza kwamba ilichelewa kujulikana. Chukua ujazo wa chumba kwa mita za ujazo, uzidishe kwa 0.16, kisha ugawanye kwa jumla ya unyonyaji wa vitu vyote vilivyomo. Jibu lako ni sekunde ambazo sauti itakawia kufa. Na kipimo cha unyonyaji alichokichagua Sabine ni dirisha lililo wazi, kwa kuwa sauti inayotoka dirishani hairudi tena. Chumba cha yule kijana wa Tandika, chenye urefu wa mita 4, upana wa 3 na kimo cha 3, kina ujazo wa mita 36. Kikiwa kitupu, saruji yake na mlango wake vyote kwa pamoja vikinyonya kama madirisha wazi ya mita 4 za mraba, sauti itakaa humo karibu sekunde 1 na nusu, na maneno ya mwimbaji yatachafuka. Akitundika mablanketi mazito yanayonyonya kiasi cha mita 6 nyingine, muda utashuka mpaka sekunde 0.6 hivi. Hesabu hii haitaki ila kalamu na karatasi, nayo ilikwisha patikana kabla ya kuzaliwa kwa babu yake.

Ukumbi wa Fogg ukatulizwa kwa kufunikwa kuta zake kwa nguo nzito ya manyoya yaliyoshindiliwa, na Sabine akaitwa kushauri ujenzi wa Symphony Hall ya Boston, iliyofunguliwa Oktoba 1900, ambayo hata leo wanamuziki huihesabu miongoni mwa kumbi bora za dunia. Iwapo dirisha wazi ndilo mnyonyaji mkamilifu, msomaji atakuwa amekwisha kuliona lile fumbo: chumba kinachotuliza sauti kuliko vyote ni kile kisicho na ukuta, nacho ndicho kisichozuia hata mlio wa nzi. Mwandishi wa Kifaransa Marcel Proust, ambaye mwaka 1910 alifunika kwa magome ya koki kuta za chumba chake cha kulala katika Boulevard Haussmann, Paris, alikuwa upande huo huo wa kosa, kwa sababu koki ni nyepesi na laini, hutuliza kuliko inavyozuia. Kilichomsaidia zaidi, kwa maoni yangu, ni kwamba alilala mchana na kuandika usiku.

Siku hizo watu waliokuwa wakirekodi nyimbo hawakuwa na haja na elimu ya Sabine, na sababu yake ni kwamba chombo chao kilikuwa kiziwi. Mwimbaji aliimba ndani ya pembe ya bati, nguvu ya pumzi yake ikatikisa sindano, sindano ikachora nta; sauti isiyopigwa karibu na pembe haikuandikwa kabisa. Aprili 1902 Fred Gaisberg, mjumbe wa kampuni ya Gramophone, alimrekodi mwimbaji Enrico Caruso katika chumba cha hoteli mjini Milan, nyimbo kumi mchana mmoja, na hapana aliyeuliza kuhusu mapazia. Ilipofika mwaka 1925, pembe ikaondolewa na maikrofoni ya umeme ikawekwa mahali pake, mambo yakageuka: chombo kipya kilisikia kila kitu, kiti kinacholia, kikohozi cha mpiga ngoma, mwangwi wa dari. Kwa hofu ya mwangwi huo watu wakavuka mpaka wa pili. Studio za redio za Savoy Hill, London, zilizofunguliwa mwaka 1923, zilitundikwa mapazia tabaka kwa tabaka hata wanamuziki wakalalamika kwamba sauti zao zinakufa mdomoni, na baadaye ikabidi mapazia yapunguzwe.

Katika zama hizo hizo, pwani yetu haikuwa na chumba cha aina yoyote, cha mapazia wala cha mawe matupu. Siti binti Saad wa Fumba, ambaye sauti yake ilikwisha kujaa Unguja yote, alipotakiwa kurekodiwa na kampuni ya His Master's Voice mwaka 1928, hakupelekewa chombo mlangoni pake. Yeye na wenziwe walipanda meli wakavuka bahari mpaka Bombay, na santuri zilizotoka huko zikarudi kuuzwa katika maduka ya mji alioutoka. Hapana budi kulitafakari jambo hilo: mtu alisafiri maelfu ya maili baharini kufuata kuta nne na mashine, ilhali nyumbani kwake kulikuwa na watu waliokuwa wakimsikiliza bure kila usiku. Hata miaka mingi baadaye safari hazikwisha. Bendi za Tanganyika na za Tanzania ziliipata studio ya redio ya taifa, ambayo ilianza mwaka 1951 kwa jina la Sauti ya Dar es Salaam na ikaja kuwa Radio Tanzania. NUTA Jazz, Western Jazz na nyingine nyingi zilirekodiwa humo, wapiga ala wote wakiwa chumba kimoja na wimbo ukipigwa tangu mwanzo mpaka mwisho, akikosea mmoja wanarudia wote. Walakini aliyetaka santuri ya kuuzwa dukani ilimpasa kwenda Nairobi, kwa kuwa mitambo ya kuzichapa haikuwapo kwetu.

Marekani na Uingereza, wakati huo, walikuwa wamekwisha kuuchoka ukimya waliougharimia. Vyumba vilikuwa vimetulizwa mno, sauti imekuwa kavu kama mkate wa juzi, na mafundi wakaanza kuutafuta tena mwangwi walioufukuza. Fundi wa sauti Bill Putnam wa Chicago, mwaka 1947, aliurudisha kwa kupeleka sauti ya kundi la Harmonicats katika choo cha jengo lile, chenye kuta za marumaru, na kuinasa tena huko kwa maikrofoni. Wimbo ukauzwa kwa wingi ajabu, na tangu hapo mabafu na stoo za chini ya ardhi zikapanda cheo. Berry Gordy aliponunua nyumba ya kawaida katika West Grand Boulevard, Detroit, mwaka 1959, na kuifanya makao ya Motown, kampuni yake ya santuri, dari la nyumba ile likafanywa chumba cha mwangwi, na nyimbo zilizozunguka dunia nzima zilitoka katika nyumba ambayo mpita njia angeidhani ya mwalimu wa shule.

Mpiga gitaa Les Paul alikuwa amekwisha kutangulia, akirekodi katika banda la gari nyumbani kwake Hollywood tangu miaka ya 1940. Lakini katika wote waliogeuza nyumba kuwa studio, sioni aliye na kisa kizito kuliko mtayarishaji wa nyimbo Joe Meek, aliyepanga orofa za juu ya duka la bidhaa za ngozi katika barabara ya Holloway, namba 304, London. Hapakuwa na ukuta wa maana humo. Waimbaji aliwaweka bafuni, wapiga fidla ngazini, yeye mwenyewe chumba cha pili katikati ya nyaya. Na katika hali hiyo, mwaka 1962, akatengeneza wimbo usio na maneno uitwao Telstar, uliopigwa na kundi la Tornados, ambao uliongoza katika soko la Uingereza na la Marekani pia, wakati studio kubwa zenye sakafu za kuelea zilikuwa zikimtazama kwa dharau. Miaka miwili baadaye, akitaka mshindo wa ngoma usiopatikana kwa ngoma, alifunga maikrofoni kwenye reli za ngazi akawaamuru wanamuziki wazikanyage kwa miguu. Mwenye nyumba aliyekuwa chini alikuwa akigonga dari kwa mpini wa ufagio, na Meek, badala ya kupunguza, akaelekeza spika ngazini. Mwisho wao ulikuwa msiba wa damu, Februari 1967, wenye sababu zilizozidi kelele, nami sitauingia. Ninachotaka kionekane ni ufagio ule. Chumba kisichozuia sauti ya nje isiingie hakizuii ya ndani isitoke, na mtu anayemlaani jogoo wa jirani aghalabu ni jogoo wa jirani mwingine.

Kompyuta zilipoteremka bei, miaka ya 1990 na baada yake, na studio binafsi zikaanza kuchipuka Dar es Salaam na Nairobi na Mombasa, nyingi zikiwa ndani ya vyumba vya kulala, ndipo trei ya mayai ilipoingia katika historia yetu kwa miguu yake yote. Haikubuniwa hapa, ilikwisha kubandikwa katika mabanda ya Ulaya na Marekani kabla, kwa sababu umbo lake lenye vilima na mabonde linafanana na sifongo za madukani, na kwa sababu haina bei. Lakini kufanana si kuwa. Sauti nyembamba, yenye mawimbi mafupi, huvunjwavunjwa kidogo na vilima vile; ama besi, ambayo wimbi lake la mizunguko 100 kwa sekunde lina urefu wa mita 3.4, haitambui kwamba trei ipo. Matokeo yake ni kwamba chumba hupoteza ung'avu na kubaki na mvumo, na fundi asiyejua sababu huongeza ung'avu katika mashine yake mpaka herufi za s na sh zinachoma masikio. Na kuhusu kuzuia, karatasi ile nyepesi haizuii kitu. Ukuta huzuia kwa uzito wake, na hata uzito ni bakhili: ukiuzidisha maradufu utapata nyongeza ya desibeli 5 au 6 tu, ilhali sikio linahitaji 10 hivi kabla ya kukiri kwamba kelele imepungua nusu. Ndiyo maana Carlyle hakukosea kutaka kuta mbili zenye hewa katikati, kwa kuwa hizo huzuia kuliko ukuta mmoja mnene wa uzito ule ule. Alikosea kuacha paa liwe dhaifu. Tundu lenye ukubwa wa sehemu moja katika mia ya ukuta latosha kuubatilisha ukuta mzima usipite desibeli 20, hata ungekuwa wa chuma, na upenyo wa vidole viwili chini ya mlango wa mbao, ukipimwa kwa mlango wenyewe, huzidi sehemu hiyo.

Lipo jambo la tatu, nalo si la sauti. Usiku wa tarehe 20 Februari 2003, katika ukumbi wa muziki wa West Warwick, jimbo la Rhode Island, Marekani, cheche za fataki za jukwaani ziliruka zikashika sifongo iliyobandikwa ukutani ili kupunguza kelele kwa majirani, na watu 100 wakafa. Na tarehe 27 Januari 2013, katika mji wa Santa Maria, Brazil, mambo yale yale yakatokea kwa sifongo ya namna ile, na waliokufa walikuwa 242. Sifongo ya godoro ikishika moto hutoa moshi wenye sumu kabla ya moto wenyewe kumfikia mtu. Nilipomweleza kijana wangu habari hizi, alitazama trei zake zilizopakwa rangi ya mafuta, akatazama waya wa umeme uliopita nyuma yake, na kwa mara ya kwanza usiku ule akanyamaza.

Wiki chache baadaye alizibandua. Mahali pake akatengeneza fremu za mbao za kina cha sentimeta 10, akazijaza pamba ya mawe, ambayo hutengenezwa kwa mwamba ulioyeyushwa na haishiki moto, akazivika kitenge kizito, akaziweka penye pembe za chumba ambako besi hujikusanya, na moja akaining'iniza juu ya kichwa cha mwimbaji. Nguo zake za kuvaa, ambazo zilikuwa sandukuni, akazitundika ukutani nyuma ya maikrofoni. Mlango akauzungushia mpira wa kuziba upepo, na dirisha akalijengea ubao mzito wa kutia na kutoa. Chumba kikaanza kuongea vizuri; niliimba beti mbili humo, mimi nisiye na sauti, na nikajipenda. Lakini mabati yalibaki mabati, na mvua ikinyesha hakuna kazi inayoendelea Tandika ila ya kunywa chai. Na kwa kuwa ukuta wa kukodi hauongezwi uzito bila ruhusa ya mwenye nyumba, hakuwa na njia ila ile ya Sabine, ya kufanya kazi saa ambazo mji umelala.

Nilikaa naye usiku mmoja wa namna hiyo. Tangu saa saba hata saa tisa mwimbaji alirudia ubeti mmoja mara nyingi nisizohesabu, nasi tukiusikiliza kwa spika. Kisha tukasikia ukuta wa pili ukigongwa taratibu, mara tatu, kwa kitu kizito nilichokidhania mchi, na sauti ya mwanamke ikasema, "Mwanangu, mdogo wako ana mtihani kesho." Kijana akasimama mbele ya ukuta kama aliyesimama mbele ya mtu, akajibu, "Samahani sana mama, tunamaliza," akazima spika, akavaa visikizio, na mwimbaji akarudi kwenye maikrofoni yake mbele ya nguo zile. Kiasi cha saa kumi kasoro, katikati ya mstari wa mwisho, jogoo wa mama yule yule akawika uani. Kijana hakuinua hata macho; aliandika dakika na sekunde katika daftari lake, apate kujua mahali pa kukata, akaashiria kwa mkono waendelee.